Kutoa kabureta na kuweka EFI kwenye Hilux ya 22R: jibu kwa mbeba zabibu wa Mpunguzi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya mwaka 1991, injini 22R ya kabureta. Naibebea zabibu kutoka Mpunguzi kuingia Dodoma mjini, na mara chache napeleka mzigo Iringa kwa njia ya Mtera. Asubuhi kuwaka ni shida. Mchana nikiizima baada ya safari, nikirudi baada ya dakika kumi inazunguka tu, haiwaki. Mlima Nyang'oro inapanda kwa tabu na kutoa moshi mweusi. Fundi mmoja kaniambia nitoe kabureta niweke EFI (mfumo wa kunyunyiza petroli unaoongozwa na kompyuta) ya 22R-E, injini ndugu ya yangu iliyotoka kiwandani na mfumo huo. Mwingine anasema nitupe injini yote niweke ya dizeli. Rafiki yangu naye ananihimiza niagize seti ya Marekani inayokaa mahali pa kabureta. Nimfuate nani, na kazi yenyewe inafanyikaje?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Umenipa dalili tatu, na kabla hujatoa hata shilingi moja nataka tuzitenganishe. Nimeona magari mengi yakifungwa EFI ya gharama kubwa halafu yakabaki na ugonjwa uleule, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye kabureta.

Anza na ile ya mchana, maana hiyo unaweza kuiona kwa macho yako. Siku utakayorudi na injini ya moto, izime, fungua boneti, toa kifuniko cha filta ya hewa, kisha chungulia kooni mwa kabureta kwa tochi. Asiwepo mtu mwenye sigara wala jiko la mkaa karibu. Tulia dakika tano. Ukiona petroli inadondoka yenyewe, tone baada ya tone, kutoka kwenye kijibomba cha katikati, na ukiona mvuke unapanda na harufu inakupiga puani, hilo ndilo jibu. Joto limepanda kutoka kwenye manifodi (chuma kinachogawa hewa kwenye silinda), petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta imechemka na kumwagikia ndani. Wewe unadhani injini imekosa mafuta, kumbe imefurika mafuta. Kanyaga mafuta mpaka chini, usipampu, halafu piga starta. Ikishika baada ya mizunguko kadhaa na kutoa wingu jeusi, huna haja ya kubishana na mtu tena.

Dawa ya hilo mara nyingi ni kipande kimoja kinene cha plastiki ngumu kinachokaa kati ya kabureta na manifodi. Kazi yake ni kuzuia joto. Mafundi wengi hukitoa kinapopasuka, wanakata gasketi ya karatasi na kufunga kabureta moja kwa moja kwenye chuma. Gari linawaka, mteja analipa, na mwezi wa kumi jua linapokuwa kali ndipo shida inapoanza. Angalia kama chako kipo.

Sasa moshi mweusi wa Nyang'oro. Kabureta inapima mafuta kwa mvuto wa hewa inayopita kooni, haina njia ya kujua hewa hiyo ina uzito gani. Hapa Dodoma mjini tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Ukiteremka Mtera unafika kama mita 700, halafu unaanza kupanda kuelekea Iringa iliyo karibu mita 1,600, ambako hewa imepungua kwa asilimia 15 hivi. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua kuliko petroli inavyopungua, na mchanganyiko unazidi kuwa mzito. Kama jeti (vitundu vya kupimia petroli) zimechokonolewa kwa waya, kama floti (boya la bakuli) imepanda, au filta ya hewa imejaa vumbi jekundu la mashambani, uzito huo unazidi. Hapo ndipo EFI inasaidia kweli, kwa kuwa inapima hewa na kutoa petroli inayolingana nayo. Lakini nikuambie ukweli mapema: EFI haiongezi hewa mlimani. Sehemu ya nguvu unayoipoteza Nyang'oro ni ya hewa yenyewe, na utaendelea kuipoteza hata ukifunga mfumo mpya kabisa. Kinachoondoka ni moshi, ulafi wa mafuta, na ule mshtuko wa injini kukata ukikanyaga ghafla.

Ya asubuhi inaweza kuwa choki, inaweza kuwa plagi au koili, na inaweza kuwa injini imechoka. Hii ya mwisho ndiyo inayoamua mambo yote, kwa hiyo tuipime.

Ipashe injini moto, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, mtu akanyage mafuta mpaka chini, kisha pima kompresheni silinda moja moja. Kitabu cha Toyota kwa 22R kinataka psi (kipimo cha shinikizo) 171, kiwango cha chini psi 142, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Hapa kwetu geji itasoma chini kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo ukipata 150 injini ni nzima, wala usikubali mtu akuambie inahitaji kufunguliwa. Mimi kwa Dodoma huanza kuwa na wasiwasi ikishuka chini ya 125, na tofauti kati ya silinda hunisumbua kuliko namba yenyewe. Silinda tatu zenye 148 na moja yenye 110 ni injini inayohitaji kazi nyingine kwanza. Kabla hujaikatia tamaa hiyo silinda, rekebisha valvu injini ikiwa moto: za kuingiza hewa milimita 0.20, za ekzosi milimita 0.30. Valvu iliyobana asubuhi hukataa kuwasha gari, na watu humlaumu kabureta miaka nenda rudi.

Ukiwa umefungua kifuniko cha valvu, chukua tochi tena uangalie mbele, chini, mnyororo wa taimingi unapopita. Injini hizi za 22R za baada ya 1983 zina mnyororo wa mstari mmoja na miongozo ya plastiki pembeni yake. Plastiki huzeeka na kukatika. Ikikatika, mnyororo unaanza kusugua kifuniko cha taimingi, nyuma ya kifuniko hicho kuna njia ya maji, na siku kifuniko kikitoboka maji yanaingia kwenye oili na injini imekwisha. Kama asubuhi unasikia mkwaruzo wa sekunde mbili tatu mbele ya injini kisha unanyamaza, au ukiona mwongozo mmoja haupo, pesa yako ya EFI iende huko kwanza. Hilo sina mjadala nalo.

Tuseme injini imepima vizuri. Nani umfuate?

Wa dizeli simkatai kabisa, ila kwa hali yako simuungi mkono. Ukiweka 3L au 5L, injini za dizeli za Toyota, unabadili injini, mauntini, mara nyingi na giaboksi, rejeta na bomba la ekzosi, na tanki lazima lisafishwe mpaka lisiwe na harufu ya petroli. Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari nayo inabadilika, maana yake uende TRA kurekebisha kadi, la sivyo siku ya kuuza au siku ya kusimamishwa njiani utakuwa na maelezo marefu. Kubadili mfumo wa mafuta peke yake kunakuachia bloku ileile na namba ileile.

Seti za Marekani zinazokaa mahali pa kabureta ni kazi nzuri, nozeli za kunyunyiza petroli, throto ya kupitisha hewa na kompyuta viko pamoja. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya injini za V8 zenye kabureta kubwa ya matundu manne. Zipo za matundu mawili, ila utahitaji adapta, na siku sensa moja ikifa msimu wa zabibu utasubiri mzigo kutoka ng'ambo wakati mazao yanaoza shambani. Kwako wewe mwenye gari la kazi, spea inayopatikana ina thamani kuliko spea bora.

Kwa hiyo namuunga mkono fundi wako wa kwanza, kwa sharti moja: unanunua mfumo wote wa 22R-E kutoka gari moja, ukiwa umekamilika. Usinunue manifodi Ilala, kontroboksi (kompyuta ya injini) kwa mtu mwingine na waya kwa wa tatu. Toyota ilibadilisha vitu vidogo vidogo kati ya miaka, na plagi za waya zinaweza kufanana kwa macho zikakataana kazini. Unataka manifodi ya chini na ya juu, throto na sensa yake, reli ya mafuta (bomba linalolisha nozeli) pamoja na regyuleta ya shinikizo, nozeli nne na ile ya tano ya kuwashia asubuhi, mita ya hewa, sensa ya joto la maji, distribyuta, koili na kiboksi chake cha cheche, sensa ya oksijeni, rilei zote, kontroboksi, na waya mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukatwa. Muuzaji akiwa na haraka ya kukata waya kwa kisu ili kutoa injini, mlipe kidogo cha ziada aufungue plagi kwa plagi. Na kama gari lilikuwa la usukani wa kushoto, tandaza waya chini uupime na gari lako kabla ya kulipa.

Distribyuta usiiache. Watu wengi wanabaki na ile ya kabureta kwa sababu gari linawaka nayo. Ya kabureta inasogeza moto kwa springi na vakyumu, ya 22R-E inasogezwa na kontroboksi. Ukizichanganya, kompyuta inakuwa kipofu wa nusu ya kazi yake.

Kuna jambo moja la silinda hedi (kichwa cha injini) ambalo litakushangaza usipolijua. Hedi ya 22R yako na ya 22R-E za baada ya 1985 zinafanana karibu kila kitu, lakini kwenye 22R-E njia za kuingiza hewa zimechongwa kidogo upande wa juu ili kuipa nozeli nafasi ya kunyunyiza. Yako haina michongo hiyo. Ukifunga manifodi bila kuchonga, petroli inapiga ukuta wa chuma na kutiririka badala ya kwenda kwenye valvu kama ukungu. Hedi itolewe, ichongwe kwa kufuata gasketi ya 22R-E kama ramani, isafishwe chembe zote za chuma, halafu irudishwe na gasketi mpya. Anayekuambia atachonga hedi ikiwa juu ya injini, muage kwa heshima. Na kwa kuwa hedi imetoka, tayari uko karibu na mnyororo, kwa hiyo hata kama miongozo ni mizima kiasi, badilisha.

Pampu ya mafuta ya zamani iliyofungwa mbele ya hedi nayo inaondoka. Tundu lake lizibwe kwa bamba na gasketi, la sivyo oili itamwagika injini nzima.

Sasa nikuchukue kwenye sehemu ninayoijali kuliko zote: petroli kutoka tanki mpaka kwenye reli. Kabureta inalishwa kwa psi 3 mpaka 5. EFI yako inataka zaidi ya psi 30, hukaribia 40. Mpira wa mafuta uliodumu miaka kumi kwenye kabureta unaweza kupasuka asubuhi ya kwanza kwenye EFI, na unapasuka karibu na ekzosi. Kila kipande cha mpira upande wa msukumo kiwe cha EFI, kimeandikwa hivyo ubavuni, na vibano viwe vile vya mviringo laini visivyo na meno yanayokata mpira. Bomba la chuma lililo chini ya chasi litolewe, lisafishwe, likaguliwe kutu. Katika kazi hii yote hapa ndipo pasipostahili kubana pesa hata kidogo.

Miaka iliyopita nilimfungia mtu mfumo wa EFI kwenye pikapu na nikaweka pampu ya nje kwenye chasi, juu kidogo ya usawa wa tanki, kwa kuwa pale palikuwa na boliti tayari. Ilifanya kazi vizuri wiki tatu. Siku moja alikuwa anatoka Mtera mchana, tanki likiwa chini ya nusu, akafika mteremko wa Fufu pampu ikaanza kulia kama mbu sikioni, kisha ikanyamaza. Alilala barabarani na mzigo wake. Nilipoitoa pampu niliikuta imeungua. Pampu ya EFI imeumbwa kusukuma, kunyonya haiwezi, na inapozwa na petroli inayopita ndani yake. Ikikaa juu inavuta mvuke, ikivuta mvuke inachemka. Tangu siku ile pampu yangu inakaa ndani ya tanki, au ikishindikana kabisa inakaa chini ya usawa wa tanki ili mafuta yaifuate yenyewe.

Tanki lako la kabureta lina shida yake pia. Ndani hakuna kizuizi karibu na mdomo wa kunyonyea, kwa hiyo ukiwa na robo tanki, ukapiga kona au ukapanda mlima, petroli inakimbilia upande mmoja na pampu inameza hewa. Kabureta ilikuwa inavumilia kwa sababu ya akiba iliyo kwenye bakuli. EFI haina bakuli, inakata papo hapo. Njia safi ni kupata tanki la gari la EFI lenye pampu yake. Njia ya pili ni kitanki kidogo cha kati, lita moja au mbili: pampu ndogo ya shinikizo dogo inakijaza kutoka tanki kubwa, pampu ya EFI inachota humo, na mafuta yanayorudi kutoka kwenye reli yanarudi humohumo, kisha kinachozidi kinaenda tanki kubwa kutokea juu. Kikisimama wima na kufungwa vizuri nje ya kabini, kinafanya kazi miaka.

Usisahau njia ya kurudi. Hilux nyingi za kabureta tayari zina kijibomba cha kurudisha mafuta kwenye tanki. Kipulize kwa mdomo, kabla hakijaunganishwa na chochote. Kikiwa kimeziba nusu, shinikizo kwenye reli litapanda na gari litarudi kwenye moshi mweusi uleule uliokuleta kwangu. Kabla ya pampu weka filta ya chujio pana, baada ya pampu weka filta halisi ya EFI. Mafuta ya kununua kwenye madumu barabarani yasiingie kwenye gari hili tena, maana nozeli haisamehe mchanga.

Nozeli zenyewe, kwa kuwa ni za mtumba, tunazipima kabla hazijafungwa. Mimi huzifunga kwenye reli, nje ya gari, kwenye uwanja wazi wenye kizimamoto na bila betri kuchajiwa karibu. Chini ya kila nozeli naweka chupa ya soda ya kioo. Pampu ikiwashwa na nozeli zikiwa zimefungwa, naangalia ncha zake dakika nzima: inayotengeneza tone inavuja, na nozeli inayovuja ndiyo inayoleta tabu ya kuwaka mchana. Kisha nazifungua zote kwa sekunde zilezile na kuzipanga chupa nne mezani. Petroli ikiwa sawa katika zote, na kila moja ilinyunyiza ukungu wa umbo la faneli, nafunga. Ikitokea chupa moja iko chini kwa upana wa kidole, nozeli hiyo inasafishwa kwa mashine au inabadilishwa. Silinda moja yenye njaa ya petroli ndiyo inayounguza valvu.

Mfumo ukishafungwa, weka geji ya shinikizo, washa pampu, zima, subiri dakika tano. Isishuke chini ya psi 21. Ikiporomoka mara moja, tafuta: valvu ndani ya pampu, regyuleta, au nozeli.

Nije kwenye umeme. Kontroboksi ikae ndani ya kabini, mbali na maji ya kuoshea na vumbi la Mpunguzi. Waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, ndio unaoua mifumo hii kuliko kitu chochote. Gari lako lina zaidi ya miaka 30, waya wa hasi wa betri pengine umekula kutu ndani ya mpira. Weka mpya: betri kwenda bloku, bloku kwenda chasi, bloku kwenda bodi, na ethi ya sensa ifungwe kwenye manifodi palepale Toyota walipoifunga, chuma kikiwa kimekwanguliwa rangi. Halafu chukua multimita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye manifodi, mtu apige starta. Ikizidi volti 0.2, ethi bado. Volti za betri wakati wa starta zisishuke chini ya 9.6, maana kontroboksi ikikosa umeme sekunde ile ya kuwasha, nozeli hazifunguki.

Pampu ipate rilei na fyuzi yake. Na hapa tafadhali nisikilize kwa makini: kwenye 22R-E rilei ya pampu inashikwa na swichi iliyo ndani ya mita ya hewa. Hewa ikipita, kibao kinafunguka, pampu inafanya kazi. Injini ikizima, pampu inazima. Ni ulinzi wa ajali, ili gari likipinduka na injini kufa petroli isiendelee kusukumwa nje kwenye bomba lililokatika. Nimekuta magari ambayo fundi aliunga pampu moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo kwa sababu hakuelewa waya ule. Ukikuta wa kwako umeungwa hivyo, usilipokee gari.

Sensa ya joto la maji inapimwa kwa dakika mbili. Ikiwa ya baridi kama nyuzi 20 isome kati ya kilo-omu 2 na 3, injini ikifika nyuzi 80 isome kati ya 0.2 na 0.4. Sensa inayodanganya kwamba injini bado ni ya baridi itamwaga petroli siku nzima. Unganisha pia taa ya cheki injini kwenye dashibodi, iwake ukiwasha ufunguo. Kuna kiboksi kidogo cha kukagulia chini ya boneti. Ukiunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ile inakuhesabia makosa kwa kupepesa. Muunganiko huohuo ndio unaowekwa wakati wa kurekebisha taimingi kwa taa ya taimingi, digrii 5 kabla pistoni haijafika juu, kisha waya unatolewa.

Ikishawaka na kupata moto, iache kwenye silensa (ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta), fungua kifuniko cha kumiminia oili. Injini itetereke au izime kabisa. Ikikaa kimya kama vile hujafanya kitu, ujue kuna hewa inayoingia mahali pengine baada ya mita: mpira uliopasuka, kijiti cha oili kisichokaa, gasketi ya manifodi. Mita ya hewa inahesabu inachokiona, na hewa ya mlango wa nyuma hailetewi petroli. Kwenye kabureta ulizoea kuishi na mipira iliyochanika, huku hapana. Na filta ya hewa uibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kibao cha mita kikiingiwa na vumbi kinakwama.

Vijana siku hizi wananiuliza kuhusu kontroboksi za kujipangia kwa kompyuta, kama MegaSquirt na Speeduino. Ni nzuri, na hazihitaji mita ya hewa ya kibao, zinapima shinikizo ndani ya manifodi. Ukipata kijana mwenye subira na laptopu, ni njia halali, hasa kama kontroboksi ya Toyota imekosekana. Lakini inahitaji mtu wa kukaa nawe barabarani siku kadhaa akirekebisha, na umtegemee yeye huyohuyo akihama mji. Kwa gari la mzigo mimi naanza na ya Toyota.

Kuhusu kurudisha gharama, fanya hesabu yako mwenyewe na si ya muuzaji. Andika wiki nne: kilomita na lita. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi na gari linakupa kilomita 7 kwa lita. Hiyo ni lita 214. Ukifika kilomita 8 kwa lita, ni lita 188. Umeokoa lita 26 hivi, zidisha kwa bei ya EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, ya mwezi huo. Gawanya gharama yote, pamoja na hedi na mnyororo, kwa pesa hiyo. Ikitoka miaka sita na gari unapanga kuliuza mwaka kesho, karabati kabureta kwa gasketi na jeti mpya, rudisha kile kipande cha plastiki, maliza. Ikitoka miaka miwili au mitatu, na unakusudia kubaki na hilo Hilux, ingia.

Ukiingia, kazi ifanyike kati ya mavuno, Mei mpaka Julai, baada ya zabibu za Machi kuisha na kabla za Agosti hazijaanza. Mwezi wa kwanza tembea Mpunguzi na mjini tu, ukiwa na fyuzi, rilei moja ya akiba na multimita chini ya kiti. Toa plagi baada ya kilomita mia tano, uzipange kwa mpangilio wa silinda uangalie rangi: kahawia ya mchanga, zote nne sawa. Baada ya hapo ndipo uipeleke Nyang'oro. Kabureta na manifodi yake ya zamani zisafishe, zifunge kwenye nailoni pamoja na distribyuta na ile pampu ya zamani, uziweke ndani mpaka umalize kubeba zabibu za msimu mmoja mzima.